Mashine Inayosubiri Digrii Mia

"Fundi, inachemka lakini inasema haijachemka." Simu za namna hii huja zaidi Jumamosi mchana, na sina haja ya kuuliza mashine ni ya kampuni gani. Mwenye simu yuko kwenye vitongoji vya Kampala: Naalya, au Muyenga, au Kira. Amesimama jikoni mbele ya pipa la chuma cha pua lenye lita 25 za maji ya kimea. Mapovu yanaruka, vioo vya madirisha vimefunikwa na mvuke, na skrini imegoma kwenye 96. Saa ya kuhesabu muda wa kuchemsha haijaanza, maana mashine inasubiri digrii mia.

Itasubiri mpaka kiama. Kampala iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji huchemka yakiwa na nyuzi 96 hivi. Ukiongeza moto yatageuka mvuke haraka zaidi, lakini hayatapanda hata nyuzi moja. Dawa yake ni ya dakika moja: ingia kwenye mipangilio, shusha kiwango cha kuchemka kutoka 100 hadi 96, bonyeza tena. Ndugu zetu wa Kabale, walio juu zaidi, waweke 94 hivi. Mashine ikikataa kubadilishiwa kiwango hicho, tafuta kitufe cha kuruka hatua, kisha tumia saa ya ukutani.

Nasema haya kama fundi wa umeme, mzaliwa wa Bukoba, niliyevuka Mutukula kutafuta riziki nikabaki. Kazi yangu ya kila siku ni majokofu, pasi, na hita za maji ya kuogea. Mashine za kupikia bia nyumbani bado ni chache hapa. Nyingi zimeingia ndani ya mizigo ya watu waliorudi kutoka ng'ambo: Grainfather ya New Zealand, BrewZilla ya Australia, na nyingine zisizo na jina la kueleweka zilizopitia Dubai. Mimi mwenyewe sinywi, vidonda vya tumbo vilinikataza zamani. Hilo limenifaa kazini. Wenye mashine huonja na kukisia. Mimi sina budi kupima.

Na kwa vipimo vyangu nimefikia msimamo ambao baadhi ya wateja hawaupendi. Mashine hizi ni nzuri, ningefurahi ziongezeke, lakini tunazinunua pamoja na nchi zilikotoka. Ndani ya kile kidude cha skrini kuna usawa wa bahari, kuna umeme usioyumba, na kuna shayiri. Hakuna hata kimoja cha hivyo jikoni kwa mtu wa Najjera. Halafu tukikwama tunalaumu ama mashine ama Uganda.

Kwa asiyewahi kuiona, mashine yenyewe haina maajabu. Ni pipa lenye hita chini, na ndani yake kapu la chuma lenye matundu ambamo kimea kilichosagwa hukaa. Pampu huvuta maji kutoka chini ya kapu na kuyamwaga tena juu, saa nzima, huku sensa ikikiambia kidhibiti lini kiwashe hita na lini kizime. Unaiamuru ishike nyuzi 66 kwa saa moja, kisha inachemsha saa nyingine, unatia hopsi, unapoza kwa bomba lililozungushwa, unahamishia kwenye chombo cha kuchachusha. Mzee wangu kule Bukoba alipika lubisi ya ndizi kwenye mtumbwi wa mti uliofunikwa majani ya mgomba, hakuwahi kuona kipimajoto, na watu walikuja. Siisemi hadithi hiyo kumdharau mwenye skrini. Lubisi ya mzee haikuwa sawa wiki kwa wiki, naye alijua hivyo, na angeipenda sana mashine hii kama ingekubali ndizi.

Tuje kwenye umeme, ambao ndio mkate wangu. Hita ya wati 2,400 imepigiwa hesabu ya volti 240. Umeme wa mtaani ukishuka hadi 190, na saa mbili usiku hushuka, nguvu ya hita hushuka kwa mraba wa volti, inabaki wati 1,500 tu. Lita 25 ambazo zingetoka kwenye joto la bomba hadi kuchemka kwa saa moja hivi sasa zinataka zaidi ya saa moja na nusu, na kuchemka kwenyewe kunakuwa kwa ulegevu. Bia iliyochemka kwa ulegevu hubaki na harufu ya mahindi ya kuchemsha. Mteja anadhani kimea kimeoza, ananunua kingine, anapika tena saa mbili usiku.

Wengine hukimbilia stebilaiza. Ile ndogo ya kulindia televisheni haiwezi kubeba hita hii. Utasikia inanguruma, kisha utanusa. Inayotosha ni kubwa na bei yake inakaribia ya mashine. Ninachowaambia watu hakina gharama: pika asubuhi. Bwawa la Karuma lilipozinduliwa Septemba 2024 liliiongezea nchi uwezo wa megawati 600, kwa hiyo umeme wenyewe upo. Unachokwama nacho wewe ni transfoma ya mtaa wako na waya wa mwisho unaogawana na saluni, kinu cha kusaga posho na fundi wa kuchomelea mageti. Asubuhi ya Jumapili hao wote wamelala au wako kanisani.

Jambo ambalo silifanyii mzaha ni waya wa ardhi, huu mafundi tunaouita ethi. Pipa ni la chuma, limejaa maji, mikono yako imelowa, sakafu imelowa. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi ya matundu matatu ambayo tundu la tatu halikufungwa popote. Kabla sijafungua mashine ya mtu naanza na soketi yake, na nikikuta ethi ni ya urembo, sipiki wala sitengenezi mpaka nguzo ya shaba iingie ardhini. Ekstensheni nyembamba za maduka ya Kikuubo nazo zikae mbali. Ampea kumi kwa saa tatu mfululizo si sawa na kuchaji simu, na plagi ikiwa moto kiasi cha kushindwa kuishika, tatizo halipo kwenye mashine.

Umeme ukikatika katikati, au Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ikiisha (nayo huisha, maana mtu anakumbuka hopsi anasahau yuniti), usihangaike kuwasha jenereta ndogo isiyoweza kubeba hita. Funika pipa, lizungushie blanketi mbili, na ukumbuke uliishia dakika ya ngapi. Pipa lililojaa likifunikwa vizuri hupoteza joto polepole, na kimea kinaendelea na kazi yake gizani bila kuuliza. Mashine nyingine hukumbuka zilipoishia. Nyingine huamka zikidhani ni siku mpya na kuanza kupasha upya kutoka hatua ya kwanza. Soma kitabu chake kabla, wakati taa bado inawaka.

Hesabu ya gharama haitishi. Upishi mmoja wa lita ishirini hula yuniti tano au sita, na yuniti ya nyumbani ni shilingi mia saba na kitu, ukiacha zile 15 za mwanzo wa mwezi zenye bei ya chini. Tangu 2022 kuna pia bei nafuu ya kupikia kwa anayevuka yuniti 80 hadi 150. Mkaa umepanda, na Amri ya Rais Namba 3 ya mwaka 2023 ilizuia biashara ya mkaa kutoka kaskazini. Kwa hiyo anayenambia umeme ni anasa kwa mpika pombe, namwomba tukae na kalamu.

Kuna jambo la mtandao pia, nalipita haraka. Mashine inayotaka intaneti ili ipike uiepuke. Kampuni ya PicoBrew ya Seattle ilitangaza mashine yake ya Zymatic mwaka 2013, ikapokewa kwa shangwe, na mwaka 2020 mali zake zikaishia mikononi mwa mfilisi. Mashine zile zilichukua maelekezo kutoka kwenye kompyuta za kampuni, na wenye mashine walibaki wakitengenezeana njia za kuzidanganya ili ziendelee kufanya kazi. Pipa lako liwe na vitufe.

Sasa shayiri, ambako ndiko ugomvi wangu na wateja ulipo hasa.

Mteja mmoja wa Najjera aliishiwa kimea chake cha Ulaya, kile cha gunia la kilo 25 kinachosafiri baharini hadi Mombasa na kwa lori hadi hapa, na bei yake inasimulia safari yote. Akafikiri, vizuri tu, kwamba Uganda ina mtama na ulezi tele. Akaenda soko la Owino akanunua, sehemu akaiotesha mwenyewe, akapeleka yote kinuni ikasagwa laini kama unga wa uji. Akajaza kilo sita kapuni, akaweka 66, akabonyeza anza. Baada ya muda pampu ikaanza kukoroma, maji ya juu yakafurika, skrini ikaonyesha herufi na namba, kila kitu kikazima. Akanipigia: hita imeungua, nimletee nyingine.

Hita haikuwa imeungua. Hita ya wati 2,400 kwa volti 240 inapaswa kusoma omu 24 kwenye mita, na ilisoma 24. Kilichozima ni swichi ya usalama wa joto iliyofichwa chini ya pipa, yenye kitufe kidogo chekundu ambacho wateja wengi hawajui kipo. Unga ulikuwa umepenya kwenye matundu ya kapu, ukalala juu ya bamba la hita, ukaungua ukawa gamba jeusi. Bamba lisipoweza kupitisha joto kwa maji, lenyewe hupanda moto, na swichi hufanya kazi iliyoajiriwa kufanya. Tulichomoa plagi, tukamwaga, tukaloweka gamba kwa magadi usiku kucha, tukalisugua kwa sponji, si kwa waya wa chuma, tukafungua pampu na kutoa donge la uji kwenye panga lake. Kitufe chekundu kikabonyezwa. Ikawaka.

Yeye alitaka tuishie hapo. Mimi nilichukua tone la ayodini, ile ya kusafishia vidonda, nikalitia kwenye kijiko cha yale maji yake. Likageuka bluu nyeusi. Maana yake wanga bado ni wanga, haukuwa umegeuka sukari hata baada ya muda wote ule, na hamira haili wanga. Hata mashine isingezima, asingepata pombe. Angepata uji wa kukoroga.

Sababu yake iko kwenye nafaka. Wanga wa shayiri hulainika na kufumuka kwenye nyuzi sitini na kitu, joto lilelile ambalo vimeng'enya vya kimea vinalipenda, kwa hiyo 66 inatosha kwa yote mawili. Wanga wa mtama unakawia: unataka kuvuka 70, na baadhi ya aina hukaribia 78. Ukipandisha joto kuufuata, vimeng'enya vinakufa kabla havijala. Ulezi una nafuu, kimea chake kina nguvu kuliko cha mtama, lakini nao hauna ganda la kuyaachia maji nafasi yapite kama shayiri ilivyo. Ndiyo maana kapu liliziba. Viwanda vilikutana na ukuta huu zamani. Nigeria ilipopiga marufuku uingizaji wa kimea cha shayiri mwaka 1988, watengeneza bia wake walilazimika kujifunza mtama haraka. Hapa kwetu kituo cha utafiti cha Serere kilitoa mtama wa Epuripuri mwaka 1995, na Nile Breweries wakauingiza kwenye bia yao ya Eagle mwaka 2002. Bia ya mtama ya kiwandani inauzwa kila kona ya jiji hili. Mashine ya jikoni ndiyo inayodai shayiri, kwa kuwa hakuna aliyeiambia vingine.

Nilimpeleka mteja wangu Kireka, kwa mama mmoja wa Kiteso anayepika malwa, pombe ya ulezi, na ambaye jokofu lake nimelitengeneza. Alisikiliza habari ya pampu kwa uvumilivu. Kisha akauliza swali moja.

"Unga uliukaanga?"

"Hapana, mama."

"Basi ulipika uji."

Anayoyafanya yeye, na wapika malwa wote, ni haya. Unga wa ulezi hulowekwa kidogo na kufunikwa siku kadhaa hadi uchachuke na kuwa mchachu kidogo. Halafu donge hilo hukaangwa juu ya bati pana, moto mkali, likigeuzwageuzwa mpaka liwe chembechembe za kahawia zenye harufu ya mkate. Huanikwa juani. Ndipo huchanganywa na maji pamoja na kimea cha ulezi kilichosagwa, na baada ya siku mbili tatu chungu kiko tayari kwa maji ya moto na mirija mirefu. Ukiangalia kwa macho ya fundi, kikaangio kile ndicho hatua inayokosekana kwenye mashine. Moto wa bati unafumua wanga kwanza, mbali na vimeng'enya. Kimea kinaingia baadaye, kibichi, kikiwa na nguvu zake zote. Na zile chembe, kwa kuwa zimekauka na kushikamana, hazipenyi kwenye matundu ya kapu.

Tuliupeleka ujuzi huo Najjera. Theluthi mbili ya nafaka ilikuwa chembe za ulezi wa kukaanga, theluthi moja kimea cha ulezi kilichoparazwa tu, bila kusagwa laini. Tulichanganya na maganda ya mpunga, haya wafugaji wa kuku wanayotandika bandani, yakiwa mapya na yamesuuzwa mpaka maji yakatoka safi. Yanaipa nafaka nafasi ya kupumua ili maji yapite. Nyuzi 65 kwa dakika 90. Pampu tuliiwasha baada ya dakika ishirini, si mwanzo, na bomba lake likabanwa nusu ili lisivute kwa pupa. Tone la ayodini likabaki na rangi yake ya kahawia. Haidromita, kile kipimo cha sukari, ikasoma 1.044. Mteja alipiga picha ile haidromita kama mtoto mchanga.

Asiyetaka kukaanga ana njia nyingine, ya kimea cha mtama. Changanya kimea na maji ya nyuzi 50, acha kitulie, kisha chota maji meupe ya juu uyaweke kando yapoe. Humo ndimo vimeng'enya vilimo. Kinachobaki kichemshe kwenye sufuria ya kawaida mpaka kiwe kizito, huku ukikoroga, kwa maana kwenye pipa la umeme kitaungua. Kikishuka hadi 65 kirudishe pipani na yale maji uliyoyaficha. Ni kazi, sikatai. Anayeotesha mtama nyumbani akumbuke kusugua na kuondoa miche na mizizi baada ya kukausha, kwani miche ya mtama hubeba sumu ya sianidi. Na mtama mwekundu wenye ukakasi una wataalamu wake Kigezi, wanaouloweka kwa maji ya majivu kabla ya kuuotesha. Ukakasi huo nao huvikaba vimeng'enya, na majivu huuvunja.

Kupoza ni habari fupi. Maji ya bomba ya Kampala yana nyuzi 24 au 25, kwa hiyo bomba la kupozea halitakushusha chini ya 28 labda uongeze barafu kwenye ndoo. Badala ya kupigana na joto, badilisha hamira. Kuna hamira za mashambani za Norway, ziitwazo kveik, zinazofurahia nyuzi 30 hadi 40. Pakiti moja unaweza kuivuna na kuianika mara nyingi, kama wakulima wa kule walivyofanya vizazi kwa vizazi. Najua inashangaza kwamba Norway imetutengenezea hamira ya Kampala.

Wateja wangu wengine husema bia ya ulezi si bia, ni malwa iliyovaa suti, na mtu hakununua mashine ya bei ile apate kitu anachoweza kukinywa Kireka kwa mrija. Nawaelewa. Ila naona hao hao wakisubiri gunia lao miezi na mashine ikiwa kabatini. Mashine iliyokaa kabatini huharibika: mipira ya pampu hukauka, sensa hupata kutu kwenye kiungo, mende huingia kwenye kidude cha skrini kwa ajili ya joto. Ninayeitwa kuirekebisha ni mimi, na hela naichukua.

Anayeanza kuagiza mashine hizi kwa ajili ya kuuza Kampala nina maombi kwake. Aje nazo za volti 240, zenye plagi yetu ya pini tatu, asituletee za Marekani za volti 120 na kibadilishio cha kuombea dua. Aweke hita za akiba na panga za pampu dukani, kwa sababu kifaa cha elfu chache kisubiriwe Dubai wiki sita ni aibu. Abadilishe kiwango cha kuchemka kiwe 96 kabla mnunuzi hajatoa sanduku dukani. Na ndani ya skrini, juu ya orodha, aingize programu ya ulezi na programu ya mtama. Za shayiri zibaki hapohapo chini. Kapchorwa wanailima, na siku moja huenda mtu akaamua kuiotesha kwa ajili ya wapishi wa jikoni.